Fundi mmoja asema TT, wa pili asema TN-C-S: nani yuko sawa?

Waaleikumu salaam dadangu wa Kisauni. Swali lako nimelisoma mara mbili, nalirudia kwa ufupi ili na wengine wafaidike. Wasema mna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, bafuni huko uani mmeweka shawa ya moto ya stima, na kama wiki tatu hivi sasa ukishika bomba na mkono uko maji wahisi kama sindano ndogo ndogo zakuchoma vidoleni. Ukaita fundi, akasema nyumba hii ni TT na rodi yake, ile fimbo ya chuma ilopigwa ardhini, imechoka. Hukuridhika, ukaita wa pili, yeye akasema hapana, siku hizi zote ni TN-C-S, dawa ni kipande cha waya tu, yuwaunganisha nyutro (waya ya kurudishia stima) na ethi (waya ya usalama ilofungwa kwenye mabati ya vifaa) ndani ya boksi ya breka, dakika kumi kazi imekwisha. Sasa wauliza nani yuko sawa, na hizo herufi zenyewe ni nini.

Kabla ya herufi, tafadhali nenda ukashushe breka ya hiyo shawa sasa hivi, si kesho. Hizo sindano unazozihisi ni stima yapita mwilini mwako, na imekuwa kidogo pengine kwa sababu umevaa ndara za plastiki au sakafu ilikuwa kavu, siku mtoto akiingia miguu mitupu kwenye maji hesabu yabadilika kabisa. Na huyo fundi wa pili asiguse kitu kwanza, ntakueleza kwa nini.

Haya. Shida kubwa ninayoiona kwenye mambo ya ethi ni kwamba watu, na mafundi wengi pia, waamini ardhi humeza stima, yaani ukiipeleka chini imekwisha, imezikwa. Haimezwi. Stima ilotoka kwenye transfoma ya mtaa yatafuta njia ya kurudi kwenye transfoma ile ile, na ardhi ni njia tu kama waya ilivyo njia, tena njia mbovu sana ukiilinganisha na shaba. Ukilishika hilo moja, herufi zote zajieleza zenyewe, manake kazi yake ni kukwambia ikitokea hitilafu, waya ya moto, ile inayoleta stima, ikagusa bati la friji, ile stima itarudi transfoma kwa njia gani. Basi.

Mpangilio huu wa herufi ni wa IEC, ile tume ya kimataifa ya umeme, uko kwenye kanuni yao namba 60364, na herufi zenyewe zimetoka Kifaransa ndio maana wengi hazituingii. Herufi ya kwanza yazungumzia transfoma. T ni terre, ardhi kwa Kifaransa, maana yake nyutro ya transfoma imefungwa ardhini pale pale kwenye transfoma. Ikiwa ni I, imetengwa, haijafungwa ardhini kabisa. Herufi ya pili yazungumzia vyuma vyako wewe, yaani mwili wa friji, wa pasi, wa pampu ya maji, kila bati ambalo mtu aweza kulishika. Ikiwa ni T, vyuma hivyo vimefungwa ardhini kwa rodi yako mwenyewe hapo uani. Ikiwa ni N, vimefungwa kwa waya mpaka kwenye nyutro ya transfoma. Halafu kwa zile za TN kuna herufi ya tatu: S maana yake nyutro na ethi zaja kama waya mbili mbalimbali njia nzima, C maana yake waya moja yafanya kazi zote mbili, na hiyo waya huitwa PEN. C-S ni mchanganyiko, barabarani ni waya moja, ikifika mlangoni kwako yagawanywa mbili, na kutoka hapo kwenda ndani hazikutani tena.

TN-C tupu ndani ya nyumba sahau, hapana haja ya kukusumbua nayo. IT nayo si yako, lakini nitaitaja kwa kuwa sisi wa Mombasa twaishi nayo karibu bila kujua: meli nyingi zinazoingia Kilindini stima yake ya ndani ni ya kutengwa hivyo, kwa sababu waya moja ikigusa chuma cha meli haitakiwi taa zizime na pampu zisimame katikati ya bahari, kengele yalia tu, fundi wa meli yuwatafuta hitilafu huku mambo yaendelea. Na chumba cha upasuaji hospitalini ni hivyo hivyo, mgonjwa hawezi kuzimikiwa mashine kwa sababu ya waya moja ilochubuka. Lakini hio yataka kifaa cha kuchunguza wakati wote na mtu wa kusikia kengele.

Kwa hivyo mjadala wa mafundi wako ni baina ya TT na TN-C-S, na tofauti yake si ya majina tu. Wacha nikufanyie hesabu. Shawa yako tuseme ni ya kilowati 5, kwa volti 240 yavuta kama ampea 21, na breka yake ni ya 32. Sasa waya ya moto ndani ya shawa ichomoke iguse bati. Ukiwa na TN, njia ya kurudi ni waya ya shaba au alumini mwanzo mpaka mwisho, ukinzani wa mzunguko wote tuseme ni omu 0.8, basi yapita ampea 300 kwa ghafla, na breka ya 32 ya aina B inapoona ampea 160 tu yaruka papo hapo, wewe wasikia ta! na shawa imezima kabla hujajua kuna nini. Ukiwa na TT, njia ya kurudi ni rodi yako, kisha udongo, kisha rodi ya transfoma. Rodi yako tuseme ni omu 80, ya transfoma omu 5, gawanya 240 kwa 85 wapata ampea 2.8. Ampea 2.8! Hata ukijumlisha na 21 za shawa yenyewe hazifiki 32. Breka yaona ni kama mmewasha pasi ndogo, yatulia tu, asubuhi mpaka jioni, na wakati huo bati la shawa liko kwenye volti 226 lamsubiri mtu. Nimeipiga hesabu hii mbele ya watu wengi na kila mara yuko mmoja anayeniambia "lakini nyumba yangu ina rodi." Ndio ina rodi, na rodi peke yake haiwezi kuirusha breka.

Kinachookoa nyumba ya TT ni RCD, kile kifaa chenye kitufe cha majaribio, wengine huiita swichi ya ethi liki. Hii haihesabu stima kubwa, yapima ilokwenda kwa waya ya moto na ilorudi kwa nyutro, zikitofautiana kwa miliampea 30 yakata, na kiwango ni isizidi sekunde 0.3. Zile ampea 2.8 za hapo juu ni zaidi ya mara tisini ya hizo miliampea 30, kwa hivyo kile ambacho breka haikioni kabisa, RCD yakiona kama moto wa nyumba. Na kanuni ya TT ndio hii: ukinzani wa rodi mara stima ya RCD isizidi volti 50. Gawanya 50 kwa 0.03 wapata omu 1,667 hivi, yaani hata rodi mbovu RCD yaweza kuifanyia kazi kwenye karatasi, lakini rodi ya namna hio haitegemewi, jua likikausha udongo yapanda zaidi, ndio maana watu wa kazi hii hutaka isizidi 200, na mimi hapa pwani hujitahidi nishuke chini ya hapo sana.

Na hapa ndio niseme juu ya rodi zetu, manake fundi wako wa kwanza pengine yuko kwenye ukweli. Mombasa tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Ukipiga rodi ya mita 1.2 mara nyingi yafika nusu, yagonga jiwe, haiendi tena. Fundi mwenye subira huhama mahali pengine, asiye na subira huchukua msumeno wa chuma akaikata kichwa, akafunga klempu, akafunika na kifuniko, ukitazama juu wadhani ni rodi kamili. Nshawahi kufika nyumba moja upande wa Bamburi, mwezi wa Februari, jua la kaskazi limekausha kila kitu, nikashika ile rodi kwa vidole viwili nikaivuta ikatoka yote mkononi. Ilikuwa haifiki futi moja na nusu. Ncha yake imekatwa bapa, nusu ya juu ina ukoko wa kijani wa chumvi, na ile klempu ukiizungusha yazunguka, haijabana chochote. Kabla sijaivuta nilikuwa nimeipima nikapata zaidi ya omu 900. Nyumba hio ilikuwa na watoto wanne, na RCD haikuweko, palikuwa na swichi kubwa tu ya kuzima. Tangu siku hio rodi siiamini kwa macho, lazima niipime, na nikiweza naipima wakati wa kiangazi maana wakati wa masika kila rodi ni nzuri.

Kwenye jiwe namna hio dawa ni kupiga rodi mbili au tatu zilizoachana angalau urefu wa rodi moja na kuziunganisha kwa waya ya shaba, au kama haziingii kabisa, chimba mtaro uulaze ule ukanda wa shaba ndani, urefu wa mita kadhaa, uufukie na udongo wa kawaida si kokoto. Upande ule maji ya bafu yanakomwagika ni pazuri kwa sababu unyevu hauishi. Ile desturi ya kumwaga chumvi na makaa kwenye shimo mimi siipendi, chumvi kweli yashusha ukinzani lakini mvua mbili tatu imekwenda zake na ilobaki yaila rodi.

Jambo jingine la nyumba za zamani, na yako waweza kuwa hivyo: kuna nyumba nyingi Mji wa Kale, Majengo na hata huko kwenu ambazo ethi yake ilifungwa kwenye bomba la maji la chuma, na kwa wakati wake ilifanya kazi. Kisha bomba likaoza, plamba akaja akaweka la plastiki, maji yakatoka vizuri wote wakafurahi, na hakuna aliyejua kwamba siku hio nyumba ilipoteza ethi yake. Waya ya kijani na njano bado iko, imefungwa vizuri, lakini imefungwa kwenye kipande cha bomba kisichokwenda popote. Tazama hilo.

Sasa tuje kwa fundi wa pili na kipande chake cha waya. TN-C-S ni mfumo mzuri, sitaki uelewe vingine, lakini ni mzuri kwa sababu mwenye laini ameitayarisha: nyutro yake ameifunga ardhini si kwenye transfoma peke yake bali sehemu nyingi njiani, viungo vyake ni vya kutegemewa, na ndani ya nyumba mabomba ya chuma yote yameunganishwa na ethi kwa waya nene. Hio ni kazi na ruhusa ya Kenya Power, laini ni yao. Fundi hawezi kukaa chumbani kwako na plaisi akaibadilisha nyumba kutoka TT kuwa TN-C-S, atakachofanya ni kukuachia sura ya TN-C-S bila yale yanayoifanya iwe salama.

Fikiria nyutro imekatika kwenye nguzo, upepo wa kusi umepiga, kiungo kimelegea. Stima yaingia kwako kwa waya ya moto, yapita kwenye shawa, yafika kwenye nyutro, yataka kurudi transfoma, njia haipo. Lakini kile kipande cha waya kipo. Basi yapita hapo, yaingia kwenye waya ya ethi, na waya ya ethi imefungwa kwenye bati la kila kitu nyumbani: friji, pasi, mashine ya kufulia, shawa. Njia pekee ilobaki ni ile rodi yako ya omu 80, na ukipiga hesabu na shawa ile ile ya kilowati 5 vyuma vyote vya nyumba vimekaa karibu volti 200. Hakuna kifaa kilichoharibika, hakuna waya ilochubuka ndani, kosa liko nguzoni, na friji ndio inayoua. Na lenye kuniumiza zaidi ni kwamba kama kile kipande kimefungwa kabla ya RCD, RCD haitakata, manake kwake yeye ilokwenda na ilorudi ni sawa sawa, imepotea baada ya kumpita. Haoni kitu. Kama kimefungwa baada ya RCD, stima ya nyutro yagawanyika, sehemu yake yapita kwa rodi, RCD yaanza kukata kila saa, kisha fundi huyo huyo arudishwa, naye asema "hii RCD ni mbovu" akaitoa. Nshakutana na boksi za namna hio si moja, ukifungua waona pengo pale RCD ilipokuwa na waya mbili zimeunganishwa kwa tepu nyeusi. Na bado kuna hili: siku laini ikirekebishwa nguzoni na waya mbili zikabadilishana, moto ukaja kwa nyutro, kile kipande chapeleka moto moja kwa moja kwenye kila bati.

Kwa hivyo kati ya hao wawili, kwa ulivyoeleza, na kwa kuwa wasema hapo nje kuna rodi na waya ya kijani yaenda huko tu, mimi niko na wa kwanza. Lakini mtu hasemi TT kwa kukisia. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, afungue boksi ya mita na ya breka meni swichi ikiwa imezimwa, aifuate waya ya ethi kwa mkono aone yaishia wapi. Ikienda nje kwenye rodi peke yake, TT. Ikiwa imefungwa kwenye ganda la chuma la kebo ya laini, TN-S. Ikiwa laini yenyewe imekuja na kiungo rasmi cha nyutro na ethi upande wa mita, hio ndio TN-C-S. Kisha apime kwa kifaa cha kupima mzunguko wa ethi, si testa ya bisibisi. TN hutoa chini ya omu moja, Waingereza huhesabu isizidi 0.8 kwa TN-S na 0.35 kwa TN-C-S, na TT hutoa makumi. Namba haidanganyi kama macho. Na asichomoe waya ya rodi stima ikiwa imewashwa, hata kwa dakika moja, kama kuna kitu chavuja hio waya ikiachana na rodi yeye ndiye anakuwa rodi.

Kitufe cha RCD kibonyeze mara kwa mara, mimi kwangu ni kila miezi mitatu, ila ujue kitufe chapima RCD yenyewe tu. RCD yaweza kuruka vizuri kwa kitufe na hali nyumba haina ethi kabisa.

Halafu kuna kitu hukunambia: maji ya bafuni ni ya bomba au ni ya kisima? Nauliza kwa sababu shawa nyingi za bei rahisi waya yake ya kuchemshia iko wazi ndani ya maji, maji yaigusa, na kiasi kidogo cha stima hupita kwenye maji kikachukuliwa na ethi. Visima vingi vya huko kwenu vina chumvi, na maji ya chumvi hupitisha stima zaidi sana. Basi ukiwa na shawa ya waya wazi, maji ya kisima, na rodi ilokufa, hizo sindano vidoleni hazihitaji hitilafu nyingine yoyote, hapo hesabu imetimia. Na ukirekebisha rodi na kuweka RCD, shawa hio hio itaanza kuirusha RCD, na mtu atakwambia uitoe. Usiitoe. Badilisha shawa. Dukani uliza ile ya maji ya chumvi, ambayo waya yake ya kuchemshia imefunikwa haigusani na maji, ni ghali kidogo lakini ndio ya pwani.

Kwa hivyo mwite fundi wa kwanza, mwambie wataka vitu vitatu: omu za rodi kabla na baada ya kuitengeneza, RCD ya miliampea 30 kwa nyumba nzima au angalau kwa bafu na soketi, na akuonyeshe kwa kifaa RCD yakata kwa milisekunde ngapi, si kwa kitufe. Namba hizo ziandikwe na kalamu ndani ya mlango wa boksi pamoja na tarehe. Ukizipata niandikie pamoja na jibu la maji, nikutazamie kama zatosha. Mpaka wakati huo breka ya shawa ibaki chini, na maji ya kuogea yachemshwe jikoni.